Kubadilika kwa Lugha na Kuachwa kwa Lugha: Kiluguru Mbele ya Kioo cha Kiingereza

Katika mazungumzo juu ya lugha za Tanzania, mambo mawili huchanganywa mara kwa mara kana kwamba ni jambo moja. La kwanza ni kubadilika kwa lugha: wajukuu hawasemi sawasawa na babu zao, maneno mapya huingia, ya zamani huzeeka, na sarufi husogea kidogo kidogo. La pili ni kuachwa kwa lugha: wajukuu hawaisemi tena lugha ya babu zao, bali wamehamia nyingine. Kwa kuwa yote mawili huanza kwa dalili zinazofanana, hasa wingi wa maneno ya kuazima, mzee wa Mgeta au wa Matombo awasikiapo vijana wakitia Kiswahili ndani ya Kiluguru huweza kusema kwamba lugha imeharibika. Na kijana naye huweza kumjibu kwamba lugha zote hubadilika, hata Kiingereza. Kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Makala haya yakusudia kueleza tofauti iliyopo kati ya mambo hayo mawili, na kutaja vipimo ambavyo kwavyo mchunguzi aweza kujua ni lipi linalotendeka katika milima ya Uluguru.

Kiingereza kimechaguliwa kuwa kioo kwa sababu mbili. Kwanza, maandishi yake ni ya karne nyingi, hata mabadiliko yake yaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Pili, katika nchi ya Uingereza mambo yote mawili yametokea: lugha moja ilibadilika mno isife, na nyingine, iliyokuwa ndugu yake, ikaachwa na wenyewe.

I. Mabadiliko ya makumi ya miaka

Malalamiko juu ya lugha kuharibiwa na vijana si mageni. Mnamo mwaka 1712 mwandishi Jonathan Swift alichapisha pendekezo la kuundwa kwa chama cha wataalamu ambacho kingekisahihisha Kiingereza na kukifunga kisibadilike tena. Miongoni mwa maneno aliyoyachukia lilikuwamo "mob", maana yake kundi la watu wenye ghasia, ambalo wenzake walikuwa wamelikata kutoka katika maneno marefu ya Kilatini. Chama hicho hakikuundwa, na neno alilolichukia limo leo katika kila kamusi ya Kiingereza, wala hapana msomaji alionaye kuwa na kasoro.

Sarufi nayo haikusimama. Zamani Mwingereza alimwita mtu mmoja "thou" na watu wengi "ye" au "you". Umbo la wingi likatumiwa kwa heshima kwa mtu mmoja, kisha likaenea hata likalimeza lile la umoja, na leo "thou" limebaki katika sala, katika mashairi ya kale na katika lahaja chache. Kadhalika, hadi mwishoni mwa karne ya 18 aliyetaka kusema kwamba nyumba inajengwa aliweza kusema "the house is building", maneno ambayo leo yangemfanya msikilizaji aulize nyumba hiyo inajenga kitu gani. Umbo la sasa, "is being built", lilipoanza kuenea, lilishutumiwa na wanasarufi kadhaa wa karne ya 19 kuwa ni ubovu mtupu. Umbo lile likashinda, na shutuma zikasahauliwa.

Hiyo ni mifano ya karne. Lakini mabadiliko huonekana hata katika umri wa mtu mmoja. Jonathan Harrington na wenzake walipima irabu katika hotuba za Krismasi za Malkia Elizabeth II, wakalinganisha zile za miaka ya 1950 na zile za miaka ya 1980. Matokeo yao, yaliyotangazwa mwaka 2000, yalionyesha kwamba irabu za Malkia zilikuwa zimesogea kuelekea matamshi ya watu wa kusini mwa Uingereza waliokuwa vijana kuliko yeye na wa tabaka la chini yake, ingawa hazikuyafikia kabisa. Ikiwa msemaji ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuiga watu wengine alichukuliwa na mkondo, ni nani awezaye kukaa nje yake?

Hata hivyo mkondo huo hauendi kipofu. Mwaka 1963 William Labov alieleza hali ya kisiwa cha Martha's Vineyard, kilicho karibu na pwani ya Massachusetts, Marekani, ambako matamshi ya irabu unganifu katika maneno kama "right" na "house" yalikuwa yakirudi upande wa desturi ya kale ya kisiwa badala ya kufuata ya bara. Mabadiliko hayo yalikuwa na nguvu zaidi kwa wavuvi wa Chilmark na kwa wale waliokusudia kukaa kisiwani maisha yao yote. Waliotazamia kuhamia bara hawakuyafuata. Kumbe matamshi yalikuwa alama ya mtu kueleza kwamba yeye ni wa wapi. Jambo hili lafaa kukumbukwa na kila atakayechunguza usemi wa watu wa milimani na uhusiano wao na mji ulio bondeni.

Kiswahili chenyewe ni shahidi wa karibu. Mtu alinganishaye maandishi ya mwanzo wa karne ya 20 na ya leo huona kwamba virejeshi vilivyo ndani ya kitenzi, kama "kitu nilichokinunua", vimepata mshindani mkubwa katika "kitu ambacho nimekinunua". Na kwamba mahali ambapo wazee walitosheka na "mezani" au "mtini", vijana wengi husema "kwenye meza" na "kwenye mti". Msamiati nao umehifadhi historia ambayo vitu vyenyewe haviko tena. Neno "hela" latokana na Heller, sarafu iliyotumiwa katika koloni la Wajerumani tangu mwaka 1904. Serikali ile iliondoka, sarafu ile ikatoweka, lakini neno lingali sokoni Morogoro kila siku. Hapana asemaye kwamba Kiswahili kimekufa kwa sababu hizo. Kimebadilika, na wasemaji wake wameongezeka.

II. Njia mbili zilizopatikana Uingereza

Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya jumba la mfalme, ya mabwana na ya mahakama kwa muda mrefu. Maelfu ya maneno ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza: ya sheria, ya dini, ya mapishi, ya mavazi, ya vita. Lau idadi ya maneno ya kuazima ingekuwa ndiyo dalili ya kifo, Kiingereza kingekuwa kimezikwa kabla ya karne ya 15. Lakini mwaka 1362 ilitolewa sheria iliyoagiza kwamba mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu wengi wa watu hawakukielewa Kifaransa. Maana yake ni kwamba kwa karne tatu zote, pamoja na kuyapokea maneno ya mabwana, wakulima na mafundi walikuwa wamewalea watoto wao kwa Kiingereza. Maneno yaliingia, shina la lugha halikung'olewa.

Mfano wa pili ni wa zamani zaidi. Tangu karne ya 9 watu kutoka Denmark na Norway walikaa kwa wingi mashariki na kaskazini mwa Uingereza. Lugha yao, Kiskandinavia cha kale, ilikuwa ndugu ya Kiingereza cha kale. Maneno mengi ya kila siku yalikaribiana, na yaelekea watu wa lugha hizo mbili waliweza kuelewana kwa kiasi. Kwa sababu ya udugu huo, uazimaji ulifika mahali ambapo Kifaransa hakikufika. Kiingereza kilichukua "sky" na "egg", na zaidi ya hayo kikachukua hata viwakilishi "they" na "them", ambavyo ni sehemu ya mifupa ya lugha. Lakini wajukuu wa wageni wale hawakuendelea kuisema lugha ya babu zao. Hapana siku iliyotangazwa kuwa ni ya mwisho wake. Ilipungua nyumba kwa nyumba, ikabaki katika maneno yaliyomo ndani ya Kiingereza, na katika mamia ya majina ya miji na vijiji yaishiayo kwa "-by", kama Whitby, Derby na Grimsby.

Kwa hiyo katika nchi moja hiyo hiyo lugha moja iliazima maelfu ya maneno ikaishi, na nyingine, iliyokuwa ikitoa maneno, ikaachwa. Idadi ya maneno ya kuazima haikuamua lolote. Kilichoamua ni lugha ambayo mtoto aliipata nyumbani. Na lipo somo la pili: lugha ndugu huachwa kwa utulivu kuliko lugha ya mbali, kwa maana mpaka wa kuvuka ni mwembamba na anayevuka hauoni.

III. Udugu wa Kiluguru na Kiswahili

Somo hilo la pili lahusu Uluguru moja kwa moja. Katika mpango wa Malcolm Guthrie wa mwaka 1948 Kiluguru kiliwekwa katika kundi la G30 pamoja na Kizaramo, Kikami, Kikutu, Kividunda na Kizigua, hali Kiswahili kiliwekwa katika kundi jirani la G40. Wataalamu waliofuata, wakitumia njia ya kulinganisha sauti na maneno, wameonyesha kwamba Kiluguru ni cha kundi waliloliita Ruvu, kwa jina la mto ambao vyanzo vyake vimo katika milima hiyo na ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Na kwamba kundi la Ruvu na kundi la Sabaki, ambalo Kiswahili ni mmoja wa watoto wake, ni matawi ya shina moja la Kibantu cha pwani ya kaskazini mashariki.

Udugu huo huonekana katika kanuni za sauti. Kiswahili kilidondosha sauti "l" iliyokuwa katikati ya irabu mbili katika maneno mengi ya kale, Kiluguru kiliishika. Kwa hiyo palipo "mvua", "mguu" na "-kuu" katika Kiswahili, Kiluguru kina "mvula", "mgulu" na "-kulu". Tena, mbele ya "t" ya kale Kiswahili kilipoteza nazali, ilhali Kiluguru kiliihifadhi nazali na kuigeuza "t" kuwa pumzi. Ndiyo maana Mswahili asema "mtu" na Mluguru asema "munhu". Jina la nchi yenyewe lina kanuni hiyo ndani yake. Shina "-gulu" au "-guru", lenye maana ya mlima, laonekana katika Uluguru. Katika Kiswahili shina hilo, baada ya kudondosha "l", limekuwa "nguu", yaani kilele.

Sasa yafaa kutazama kinachotokea msemaji wa Kiluguru azimapo kutoka Kiswahili. Akiazima neno "kitabu" na kusema "chitabu", kwa kuwa kiambishi cha ngeli hiyo katika lugha yake ni "chi-", amelivisha neno geni mavazi ya nyumbani. Ni jambo lile lile ambalo Waswahili walilifanya zamani, walipoichukua silabi ya kwanza ya neno la Kiarabu wakaifanya kiambishi chao cha "ki-" na wingi wake "vi-". Huo ni uazimaji wa lugha yenye afya: sarufi yake ingali na nguvu ya kutawala wageni.

Lakini akisema "mvua" badala ya "mvula" katikati ya sentensi ya Kiluguru, jambo ni tofauti. Hakuazima kwa sababu ya kukosa neno, kwa maana neno alikuwa nalo. Wala masikio ya wasikilizaji hayashtuki, kwa kuwa tofauti ni sauti moja tu. Maneno ya namna hiyo yakiwa mengi, na hasa yakichukua mahali pa viambishi na viwakilishi, Kiluguru chaweza kugeuka kuwa Kiswahili pasipo mtu kuamua kukiacha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Waskandinavia wa Uingereza.

IV. Jinsi Kiswahili kilivyopanda mlimani

Kuenea kwa Kiswahili katika Uluguru hakukuwa tendo moja. Kiswahili kilitangulia bondeni. Mji ulioanzishwa na Kisabengo, mtu wa asili ya Uzigua, karibu na mahali pa Morogoro ya leo ulikuwa katika njia ya misafara itokayo Bagamoyo, na Henry Morton Stanley aliupita mwaka 1871 akaueleza kuwa mji mkubwa wenye ukuta. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walifuata njia hiyo hadi Morogoro na baadaye wakapanda Matombo na Mgeta. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yakavuta wafanya kazi wa makabila mengi ambao hawakuwa na lugha nyingine ya kusemezana ila Kiswahili.

Kwa muda huo wote mlima ulikuwa na lugha yake na bonde lina ya kwake, na mtu aliyeshuka sokoni alibadili lugha kama abadilivyo mzigo begani. Mashina ya Kiluguru hayakuguswa sana. Hata mgogoro wa matuta, wakati serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko hadi mpango huo ukaachwa mwaka 1955 kwa upinzani wa watu, uliwakuta watu wa mlimani wakiwa na lugha yao, ingawa lugha ya siasa iliyokuwa ikiwaunganisha na Watanganyika wengine ilikuwa Kiswahili.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya uhuru. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya shughuli za serikali na ya kufundishia katika shule za msingi. Kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970 ziliendeshwa kwa Kiswahili, na mwaka 1977 ukaanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Hivyo watoto wa Kinole, wa Tegetero na wa Nyandira walianza kukaa miaka saba katika Kiswahili. Wala haikuwa kazi ya serikali peke yake. Bendi za mji wa Morogoro, Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, ziliimba kwa Kiswahili na kusikika redioni nchini kote. Kwa kijana wa mlimani Kiswahili kikawa lugha ya furaha pamoja na kuwa lugha ya karani. Biashara ya mboga na matunda ya Mgeta, ambayo husafirishwa hadi Morogoro na Dar es Salaam, ikaongeza sababu nyingine ya kukitumia kila siku.

Faida ya jambo hilo kwa taifa ni kubwa na haibishaniwi. Lakini mchunguzi hapana budi aone kwamba kila lugha inapopewa mahali papya, nyingine hupunguziwa mahali. Shule, kanisa na msikiti, mahakama, soko na nyimbo vilikwenda upande wa Kiswahili. Kiluguru kikabakiwa na nyumba, shamba na tambiko. Mjini Morogoro hata nyumba imehama, na watoto wengi hupata Kiswahili kuwa lugha yao ya kwanza.

Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuuliza kabila, kwa hiyo idadi za wasemaji zilizopatikana baadaye ni za makadirio. Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009 ilikadiria wasemaji wa Kiluguru kufikia takriban 400,000, ambao si wachache. Hata hivyo jirani zao Wakami, wakaao upande wa mashariki ya mji wa Morogoro, lugha yao imepungukiwa mno na wasemaji, na walio wadogo wengi hawaisemi. Kikami na Kiluguru ni ndugu wa tumbo moja. Kilichoupata mmoja bondeni chaweza kumpata mwingine mlimani, ijapokuwa kwa kuchelewa.

V. Lukolo na ukoo

Yawezekana mtu akauliza: ikiwa lugha mbili zafanana hivyo, na watu wanaelewana, hasara iko wapi? Neno moja latosha kuleta jibu.

Waluguru hufuata nasaba ya mama. Mtu ni wa lukolo la mama yake, na kwa desturi ardhi ilishikwa na lukolo na kugawiwa kwa watu wake chini ya mkuu wa ukoo huo. Neno "lukolo" lalingana na neno la Kiswahili "ukoo" kwa kanuni zile zile zilizotajwa juu: kiambishi cha kale "lu-" kimekuwa "u-", na "l" ya katikati imedondoka, "-kolo" ikawa "-koo". Kwa mtaalamu wa sauti ni neno moja. Kwa mtu anayegawa shamba si neno moja hata kidogo. "Ukoo" wa Kiswahili hauelezi upande. Waweza kuwa wa baba au wa mama, na wasikilizaji wengi wa Tanzania, kwa desturi za makabila yao na kwa mafundisho ya dini, hudhani kwanza upande wa baba. "Lukolo" lina mama ndani yake.

Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, migogoro ya mashamba huletwa mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji, na hati ya hakimiliki ya kimila huandikwa kwa lugha ya taifa. Anayesimama mbele ya baraza na kusema "shamba hili ni la ukoo wetu" amesema maneno ambayo wenzake wa mlimani wanayajua kwa maana moja na karani aliyetoka mbali anaweza kuyaandika kwa maana nyingine. Binti anayedai shamba la mama yake, au mjomba anayelinda haki ya wapwa zake, aweza kupungukiwa na hoja kwa sababu tu neno lililokuwa likiibeba limebadilishwa kwa pacha wake. Hapo kubadilika kwa neno si jambo la msamiati peke yake.

Si lazima Kiluguru chote kishinde Kiswahili chote ili hasara hii iepukwe. Kiswahili chaweza kuliazima neno "lukolo" kama kilivyoazima maneno ya sheria kutoka Kiarabu. Lakini neno haliwezi kuazimwa kwa watu walioacha kulitumia.

VI. Vipimo vya mchunguzi

Kutokana na maelezo hayo, vipimo vinne vyaweza kupendekezwa kwa atakayechunguza usemi wa Uluguru.

Cha kwanza ni namna ya uazimaji. Yafaa kutenganisha maneno ya vitu vipya, kama vya shule na vya mashine, na maneno yanayoondoa yale yaliyokuwapo, kama "mvua" mahali pa "mvula". Ya kwanza ni mengi katika kila lugha hai. Ya pili ndiyo ya kuhesabiwa.

Cha pili ni nguvu ya sarufi. Je, neno geni bado linavishwa kiambishi cha Kiluguru na kuleta upatanisho wa Kiluguru, au linaingia na viambishi vyake? Aidha, katika tasnifu yake ya mwaka 1974 katika Chuo Kikuu cha London, Daniel Mkude alichambua sentensi za Kiluguru ambazo mtenda na mtendwa hubadilishana nafasi. Miundo ya namna hii ndiyo hupotea kwanza pale ambapo msemaji anafikiri katika lugha nyingine. Kuwauliza vijana wa leo juu ya sentensi zile zile ni uchunguzi usiohitaji gharama kubwa.

Cha tatu ni umri. Njia ya Labov ya kulinganisha wazee, watu wazima na vijana kwa siku moja huonyesha mwendo wa lugha bila kungoja nusu karne. Lakini hapana budi kujihadhari, maana yako matumizi ya ujanani ambayo mtu huyaacha akishapata watoto na mashamba. Kijana anayesema Kiswahili Morogoro mjini aweza kurudi mlimani na kukirudia Kiluguru. Kwa hiyo wale wanaokusudia kukaa na wale wanaokusudia kuhama waulizwe mbalimbali, kama ilivyofanywa Martha's Vineyard.

Cha nne, ambacho ndicho kikubwa, ni lugha ambayo mtoto mdogo husemeshwa nyumbani kabla ya kwenda shule. Mtoto akisemeshwa Kiluguru, hata kikiwa kimejaa maneno ya Kiswahili, lugha inabadilika. Mtoto akisemeshwa Kiswahili, hata wazazi wake wakiwa hodari wa Kiluguru safi kabisa wanaposemezana wao kwa wao, lugha inaachwa. Mara nyingi ni usemi ulio safi wa wazee wachache, na si mchanganyiko wa watoto wengi, unaotangulia ukimya.

Kwa sababu hiyo mzee wa Matombo amcheka mjukuu wake kwa kusema Kiluguru kilichochanganywa aweza, pasipo kukusudia, kulisaidia jambo analolichukia. Mtoto anayechekwa hukimbilia lugha asiyochekwa ndani yake. Wakulima wa Kiingereza wa karne ya 13 waliwaachia watoto wao lugha iliyojaa Kifaransa, na lugha hiyo ikakua.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa na ikahimiza kuandikwa kwake. Kwa Uluguru yapo mambo yaliyo karibu kutendeka: kukubaliana juu ya namna ya kuandika sauti kama "nh" na "mh", kukusanya maneno ya nasaba, ya ardhi, ya mbegu na ya mvua pamoja na maana zake kamili, na kurekodi usemi wa vizazi vitatu vya nyumba zile zile, mlimani na mjini, ili rekodi hizo zirudiwe baada ya miaka 20. Rekodi za mara ya kwanza hazitaonyesha mengi. Zile za mara ya pili ndizo zitakazoonyesha kama wajukuu wa Mgeta na Matombo wangali wakisema "lukolo", na kama wanamaanisha nini wanapolisema.